Kakakuona Aliyejikunja Darasani

Wanyama walipokuwa na shule yao, kila asubuhi mwanafunzi mmoja aliwasomea wenzake nyayo zilizoachwa mchangani. Zamu ilipomfikia Kakakuona, nyayo zilimchezacheza machoni, akajikunja kama mpira.

"Haya, tupige danadana!" Ngedere akacheka.

"Mkaidi huyu," akasema Mwalimu Nungunungu. "Nenda nyumbani."

Tangu hapo Kakakuona alishinda nyuma ya ua wa shule akiwasikiliza wenzake wakisoma. Alitamani hata kuchekwa, mradi awe ndani.

Siku moja akaja mkaguzi, Simba. "Mwalimu, hebu nisomee wewe."

Miiba ya Nungunungu ikasimama yote. Akazikodolea macho nyayo alizozisoma miaka nenda miaka rudi, asitambue hata moja.

"Wewe ni mkaidi?" Simba akauliza.

"Hapana, mzee," sauti ndogo ikatoka nyuma ya ua. "Ameogopa tu. Umsubiri kidogo, zitamrudia."

Simba akasubiri, na kweli zikamrudia.

Kesho yake Nungunungu akaenda nyuma ya ua. Kakakuona alipomsikia akajikunja. Mwalimu hakumwita. Akaketi mchangani kando yake, miiba imelala.

Jua lilikuwa limepanda sana pua ndogo ilipochomoza.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo, mwanangu."