Uzi wa Kijani Mfukoni

Nafua nguo za watu, na mtaa wa Kalangalala nzima hakuna doa lililowahi kunishinda, ukiacha yale yaliyonishinda.

Bujiku alinijia na shati lililoganda tope na damu. "Shikamoo bibi. Nilichinja mbuzi. Shati zuri hili, lisiharibike."

"Marahaba. Mbuzi alikuwa shimoni?"

Akacheka peke yake. Alikuwa akichimba dhahabu Nyarugusu pamoja na mkwe wangu, ambaye hajaonekana siku tatu. Binti yangu alikuwa chumbani, analia.

"Mimi sijamwona tangu Jumapili," Bujiku alishamwapia binti yangu.

Nikamimina siki kwenye beseni, nikafikicha. Tope likaachia mfukoni. Ukatokea uzi wa kijani, mishono imepinda kama ya mtu asiyeona vizuri.

Kwetu Wasukuma mama mkwe hagusi nguo ya mkwewe. Ndiyo maana Bujiku hakuogopa kuniletea; alijua nisingelitambua. Lakini binti yangu mjamzito alikuwa hoi, nilikuwa nimemsaidia kushona nguo ya mumewe kwa siri.

"Shati hili la nani?"

"Langu, bibi. Nina mwaka nalo."

"Mwaka? Mfuko huu nimeushona mimi, Bujiku. Jumatatu asubuhi, mkwe wangu akaondoka amevaa shati hili."