Rangi ya Geti

AC ya gari la Mwakipesile ilikuwa inapuliza hewa ya moto, wiki moja tu tangu shemeji yake, fundi Lugano, afunge kompresa mpya.

"Sikia inavyokoroma," alisema Mwakipesile.

"Gesi hiyo, shemeji. Tuongeze gesi."

Mwakipesile akazima injini, akafungua boneti, akaikwangua kompresa kwa ukucha. Rangi ya fedha ikabanduka kama gaga la kidonda. Chini yake kulikuwa na kutu tupu.

"Nakupa hela ya kompresa mpya, unanipakia chuma chakavu rangi ya geti lako?"

"Punguza sauti, shemeji. Dada atasikia."

Lugano alikuwa anacheka. Mwakipesile akatema mate, akafunga boneti. Kompresa angenunua nyingine; shemeji alikuwa huyo huyo mmoja. Jikoni, mkewe alikuwa anapanga vikombe vitatu vya chai.