Mwambieni Gari Mnakwenda Msibani

"Nimeshasema mpaka koo limenikauka: msiliambie gari mnakuja harusini! Siku hizi magari yanaruhusiwa kutoka nje ya mji kwa msiba tu, na gari likisikia harusi linageuza lenyewe. Semeni msiba, Tukuyu, mkilipita kanisa mkate kushoto."

Ujumbe huo niliwatumia wageni wote wa harusi ya dada yangu. Bado Mjomba Gwakisa akapiga simu.

"Mwanangu, linauliza marehemu ni nani."

"Taja jina lolote, Mjomba, tumechelewa!"

Akamtaja mama yake mzazi, Bibi Tusajigwe, ambaye muda huo alikuwa chumbani kwake hapa nyumbani akijifunga kitenge kipya. Wageni wengine wakaambizana, wakataja jina hilohilo.

Magari yote yakafika. Dada akapigiwa vigelegele, akabaki akimngoja Bibi aje kumbariki. Bibi hatoki. Nikaenda kumwita, nimechoshwa na watu wa kuchelewa.

Mlango wake ukagoma.

"Poleni kwa msiba," ukasema kwa upole. "Magari yote yameleta taarifa kwamba mwenye chumba amefariki. Nitafunguka gari la maiti likifika."

Bibi akagonga kutoka ndani. "Nani amekufa, mjukuu wangu?"