Kibetri cha Mwalimu Mshamu

Kompyuta ya ofisi iliwaka taa, ikazungusha feni, ikajizima. Hiyo ilikuwa mara ya tano, na ndani yake ulikuwamo mtihani wa kesho.

"Kuna mkono wa mtu hapa," alisema Bi Nambua, mkuu wa shule, akimtazama Mwalimu Mshamu kama mtu anayehesabu vijiko wageni wakiwa bado mezani.

"Wanafunzi hawa, Mkuu," Mshamu alijibu kwa huzuni kubwa. "Hawana hofu ya Mungu."

Mkono ulikuwa wake. Jana mchana aliilazimisha prosesa, ubongo wa kompyuta, ikimbie kupita kipimo chake, ili mchezo wake wa mpira wa kwenye kioo usikwamekwame. Fundi akiitwa angeugundua ukweli, na kazi ingeota mbawa. Lakini ndani ya mashine mna kibetri cha duara kinachotunza saa na mipangilio yake; kikichomolewa kwa dakika chache, mashine husahau mipangilio yote iliyobadilishwa.

"Funguo za ofisi hii tunazo wawili tu," alisema Bi Nambua taratibu.

"Labda walipitia dirishani."

"Dirisha lina nondo, Mwalimu."

Mshamu aliinama ndani ya kasha la kompyuta kana kwamba anakagua nyaya, akakohoa kuficha mlio, akakichomoa kibetri kwa ukucha. Akangoja, akimaliza dua zote alizozijua. Alipowasha, kompyuta iliamka kwa upole na mtihani ukatokea, mzima.

Ila tarehe kwenye kioo ilikuwa ya miaka kumi iliyopita. Bi Nambua aliisoma mara mbili. Kisha akatabasamu, kwa mara ya kwanza muhula huo.

"Hongera, Mwalimu. Nipe mkono."

Mshamu aliitazama ngumi yake ya kulia, ambamo kibetri kilikuwa kimeshapata joto.