Chora Nyumba Yenu

Tupokigwe aliitwa jina lake, hakugeuka. Akaitwa tena. Mpaka mama yake mdogo, Matilda, alipomgusa bega, ndipo mtoto akainuka kwenye benchi na kuingia chumbani, gauni likimpwaya.

"Kakonda kwa mawazo," Matilda alisema mlangoni. "Chakula anakiangalia tu. Tangu dada yangu afariki, huyu mtoto siyo yule tena."

Devota alimwomba asubiri nje, akafunga mlango. Alikuwa mwanasaikolojia katika ofisi ndogo ya ushauri mjini Iringa, na mahakama ilikuwa inangoja maoni yake: mtoto huyu wa miaka saba abaki kwa mama yake mdogo, au aende Chunya kwa baba yake, Saulo, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyekuwa anamdai mwanawe. Matilda alisema Saulo ni mlevi, mwepesi wa kupiga, na kwamba mtoto akisikia tu jina lake hujikojolea.

Devota hakuwa mtu wa kubebwa na maneno ya watu wazima. Watu wazima huja ofisini wamejipanga. Mtoto ukimpa karatasi na rangi, mkono wake husema kile ambacho mdomo unakiogopa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine kwenye semina.

"Nichoree nyumba yenu," alisema. "Na watu wote wa hapo nyumbani."

Mtoto alichora bila haraka. Nyumba yenye mlango mmoja. Mwanamke mwenye beseni kichwani.

"Huyu nani?"

"Mama."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Kaenda kuuza nyanya."

Devota alichukua kalamu. Mwaka ulikuwa umepita tangu mazishi kule Idodi, na mtoto bado anamngoja mama yake arudi sokoni. Aliandika: hajaukubali msiba.

"Na baba umemchora wapi?"

"Sina baba."

Alisema hivyo bila hasira, huku akitafuta rangi nyingine. Devota alishaona watoto wakimchora baba asiye na mikono, au baba mkubwa kuliko nyumba. Lakini kumfuta kabisa, hilo lilimuuma. Alianza kumchukia Saulo, na hakuona sababu ya kujizuia.

Kisha mtoto akachora mtu mdogo nyuma ya nyumba, amelala chali. Hakumwekea macho.

"Huyu je?"

"Tupokigwe."

Devota aliinamia karatasi taratibu. Mtoto anayejitaja kwa jina, kana kwamba anamsema mwingine, ameshajitenga na maumivu yake. Hilo alilijua vizuri.

"Tupokigwe anafanya nini huko nyuma peke yake?"

"Aliumwa."

"Aliumwa nini?"

Mtoto alitazama mlango. Akachukua rangi ya kahawia, akaanza kumpaka yule mtu. Alipaka miguu, akapaka tumbo, akapaka uso. Rangi ikakatika, akaendelea na kipande mpaka mtu hakuonekana tena.

Devota alisimama dirishani kidogo, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mtoto mdogo namna hii, tayari anatamani kutoweka. Alijifuta macho kabla ya kurudi mezani.

Kilibaki kipimo kimoja. Michoro peke yake haitoshi. Mtoto lazima aonekane akiwa na mzazi, nani anamsogelea nani, mikono inafanya nini, macho yanakwenda wapi. Matilda alikuwa amekataa katakata wawili hao wakutanishwe. Kwa hiyo Devota hakumwambia kwamba Saulo amesafiri tangu jana na yuko chumba cha pili. Alitoka, akamtuma akanywe chai kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, kisha akamfungulia baba.

Saulo aliingia na shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Mkononi alishika viatu vyekundu vya mtoto. Devota alijibanza kwenye kona, kalamu tayari.

Mtoto hakumkimbilia. Alisimama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Ikawa basi. Saulo aliketi kwenye kiti cha mbali, akaweka viatu mapajani, akaelekeza macho mlangoni. Mtoto akarudi kwenye rangi zake. Muda ukapita. Baba hakumgusa mtoto, hakumwita jina, hakuuliza anachora nini. Kila nyayo zilipopita koridoni aliinua shingo, kisha akaishusha.

Devota aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Hakuna mapenzi. Hakuna mazoea. Wanakaa kama wageni. Mtu asafiri kote huko, kisha atazame mlango badala ya mwanawe. Roho ilimtulia kwa namna moja tu: maoni yake yalikuwa yamekamilika, na mtoto hataenda Chunya.

Akafunga kalamu.

"Kaka Saulo," alisema, "hivi huna hata neno moja la kumwambia mtoto?"

Saulo alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye, kwa aibu ya mtu anayeogopa kuwa amekosa adabu ofisini.

"Nisamehe, madamu. Kabinti kazuri, kana heshima, nilidhani ni mwanao." Akageukia tena mlango. "Sasa Tupokigwe wangu mnamleta saa ngapi?"