Kadi ya Nane

Kadi ya nane ilirudi bila mfano. Irja Hyyryläinen aliigeuza nyuma na mbele, akaisogeza karibu na taa ya mezani. Neno lilikuwepo na maana ilikuwepo, ila pale pa kuandika nani alilisema, wapi na mwaka gani, hapakuwa na hata nukta.

Ofisi yao ya kamusi, huko Helsinki, ilikuwa imekwama wiki ya tatu kwenye neno moja la Kiingereza, flare. Kwa Waingereza neno hilo ni mwanga na ni moto. Kwa Kifini linataka maneno zaidi ya kumi. Ndipo wakatuma kadi mkoani Kainuu, kwa wazee waliokesha miaka mingi wakipika lami ya misonobari, watu wanaoujua moto kwa tabia zake. Aliyejibu vizuri kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha Honkaperä. Roihu, moto mkubwa wa wazi. Hehku, wekundu wa makaa. Kajo, mwanga wa moto ulio mbali, unaouona angani kabla hujauona moto wenyewe. Kadi saba, kila neno na mfano wake, mwandiko umenyooka.

Chini ya kadi zote aliandika jina: Eenokki Moilanen.

"Mzee huyu ni lulu," alisema Dokta Sarkola, mkuu wa ofisi, ambaye humwita Irja neiti, yaani bibie. "Mbona umenuna, neiti? Au leo kahawa nimeikoroga mimi?"

"Huyu ndiye aliyetuchomea zizi," Irja alisema. "Alikuwa kibarua wetu. Aliwasha kiko kwenye nyasi kavu. Baba akaingia kuwafungulia ng'ombe, hakutoka. Nilikuwa na miaka minne."

Sarkola alivua miwani. "Pole sana. Sikujua." Akaifuta kwa leso. "Alifungwa?"

"Miaka mitatu tu."

"Basi yeye alifungwa, neiti. Maneno yake hayana kosa."

Irja aliigeukia tena kadi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amemchukia Eenokki, na chuki hiyo aliitunza vizuri, haikupata kutu. Nyumbani kwao ni mama peke yake ambaye hakuwahi kumtaja mtu yule kwa ubaya, na Irja alidhani ni ulokole tu. Mama alikuwa na mambo yake. Hakumruhusu bintiye kushika kiberiti. Hata mishumaa ya Krismasi aliiwasha kwa mkono wake mwenyewe, binti akiwa tayari ana shahada mbili. Kovu lililokuwa kwenye kiganja cha Irja alisema ni la birika la kahawa. Walimzika mwaka jana.

Na sasa kadi hii tupu. Irja aliona jambo liko wazi kama mchana. Mzee kaandika kila aina ya moto, lakini alipofika kwenye leimahdus, moto unapoamka ghafla, mkono umegoma. Anajua alikouona. Basi atasema, na atasema kwa maandishi.

"Bwana Moilanen," aliandika. "Ofisi hii haibuni mifano. Neno lisilo na mfano uliosikiwa kwa masikio, kutoka kinywani mwa mtu anayejulikana, tunalitupa. Tafadhali jaza kadi hii. Irja Hyyryläinen, binti ya Juhani wa Honkaperä."

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. "Neiti Irja. Litupe tu. Maneno ya moto yako mengi."

Irja alicheka kwa uchungu. "Anaogopa," alimwambia Sarkola.

"Ni mzee. Mwachie Mungu."

"Baba yangu yeye alipewa nafasi ya kuzeeka, Dokta?"

Akaandika tena, safari hii bila adabu za ofisi. "Mama amekufa bila kusikia neno moja kutoka kwako. Nimebaki mimi, na mimi sina huruma yake. Nani alilisema neno hili, wapi, lini? Kama umebakiwa na chembe ya haya, andika ukweli, usinifiche kitu." Alipeleka barua posta mwenyewe, kwenye theluji, asije akabadili nia njiani.

Kadi ilifika Jumatatu, wenzake wote wakiwa kwenye kahawa. Bahasha ilikuwa na karatasi ndogo: "Sikujua kwamba amefariki. Kwa kuwa amefariki, na kwa kuwa hambuni mifano, nimejaza." Irja alifunga mlango. Aliketi, akachukua kalamu yake nyekundu ya kuhakikia, akiwa na furaha chungu ya mtu aliyengoja muda mrefu. Hatimaye angelisikia lile ungamo. Mwandiko ulikuwa uleule ulionyooka.

Neno: leimahdus.

Mahali: uani kwa Juhani, Honkaperä.

Mwaka: 1931.

Aliyesema: mke wa Juhani.

Mfano: "Sema leimahdus ilitoka kwenye kiko chako, Eenokki, nakupigia magoti, mtoto asije akajua ilitoka kwenye kijinga cha moto alichoshika yeye."