Ghala la Kumi na Tano

Wening alihesabu tena, safari hii kwa kidole kwenye kioo. Yalikuwa kumi na matano. Alipoiandika ile amri ya kuorodhesha maghala ambayo seva ya dawa huchota programu zake, alitarajia kumi na manne, yaleyale waliyokubaliana ofisini, na majina yake aliyajua kwa ghibu. Hili la mwisho hakulijua. Lilielekeza kwenye kompyuta ya majaribio iliyokuwa humohumo ofisini, hatua nne kutoka kitini pake, ambayo yeyote kati yao angeweza kuikalia.

Basi ugonjwa ulikuwa hapo. Kwa siku tatu duka la dawa la hospitali yao, hapo Semarang, kisiwani Java, lilikuwa likiandika kila kitu kwa mkono, na wagonjwa wakigombana dirishani, kwa sababu seva ilijichotea programu mbovu na kuharibika. Kuna mtu aliyeilisha sumu kwa makusudi. Bwana Haryono, mkuu wa kitengo, hakuwa na maneno mengi: huyo mtu akijulikana, anafunga virago siku hiyohiyo.

Waliokuwa na funguo za seva ile walikuwa watatu, wote watu wa mkataba, na wote wakingoja nafasi moja tu ya ajira ya kudumu ambayo ingetolewa mwisho wa mwezi. Wening na Ratmi walikuwa marafiki wa chanda na pete tangu chuoni. Walishalala chumba kimoja na kuazimana mpaka viatu. Danang alikuja baadaye, kijana mpole, mtu wa adabu zake, na seva yenyewe, iliyoletwa majuma mawili tu kabla, aliiandaa peke yake mwanzo hadi mwisho.

Danang alivuta kiti akaketi kando yake. Wakatazama pamoja faili la lile ghala geni liliandikwa lini. Ijumaa, 12:07.

"Ijumaa, saa sita na dakika saba," Danang alisema polepole. "Mimi nilikuwa msikitini, dada. Wanaume wote wa jengo hili tulikuwa msikitini. Bosi nilikaa naye safu moja."

"Na mimi nilikuwa nimeshuka kununua chakula."

"Najua. Cha watu wawili." Akainamisha uso. "Mimi sijasema kitu."

Hakuwa na haja ya kusema. Aliyebaki ofisini mchana ule, akisubiri wali wake, alikuwa Ratmi.

Ijumaa ileile ilikuwa hitima ya siku ya saba ya baba yake Wening. Saa kumi alasiri Ratmi alifuatana naye nyumbani, akajifunga kitambaa kiunoni, akapika hadi wageni wa mwisho walipoaga, na wakati wa dua alilia kuliko mtoto wa marehemu. Hata Danang, asiye rafiki wa karibu, alionyesha ubinadamu zaidi: alimwambia aende akamwombee mzee, zamu yake ya jioni ataishika yeye. Kumbe Ratmi alimchimba mchana, kisha jioni akaja kumlilia baba. Hilo ndilo lililomuuma Wening kuliko seva, kuliko hata kazi.

Alichapa ile orodha, akachapa na saa ya faili, akapeleka kwa Bwana Haryono. Ratmi akaitwa.

"Nilikuwa peke yangu humu, sikatai," Ratmi alisema. "Lakini sikugusa kitu. Wening, wewe unanijua."

"Nilidhani nakujua."

Bwana Haryono alimuuliza Wening kama ana uhakika saa ile hapakuwa na mtu mwingine. Wening alijibu kwamba anao, akatia sahihi. Alishangaa jinsi mkono wake ulivyotulia.

Ratmi alivua kitambulisho shingoni akakiweka mezani. Hakulia, wala hakutukana. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema zile sufuria zake zilizobaki kwa kina Wening tangu hitima, mama azitumie tu.

Kesho yake asubuhi Danang alimletea kahawa, akampa pole, akamwambia mtu hujifunza marafiki kwa machungu. Kisha akamshauri alifute lile ghala kabisa, faili na kila kitu, lisije likawarudia. Wening aliona ni maneno ya mtu mwenye akili. Akalifuta. Danang alishuka ghorofa ya chini kuwaambia watu wa duka la dawa kwamba wanaweza kuanza tena.

Wening akaorodhesha upya. Kumi na manne. Alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana. Ilibaki ripoti tu, na ripoti ilitaka saa kamili ya kumaliza kazi, kwa hiyo akaiuliza seva saa ngapi.

Ikajibu 02:40, yaani saa nane na dakika arobaini usiku.

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini, na jua la asubuhi limejaa dirishani. Akauliza tena; sekunde za seva zilikuwa zikienda vizuri, haikuwa na kasoro yoyote. Seva zao nyingine zote zilifuata saa za Java. Hii pekee, aliyeiandaa hakuirekebisha, ikabaki na saa ilizotoka nazo kiwandani, saa saba nyuma.

Basi 12:07 ya mashine ile ilikuwa Ijumaa saa moja jioni. Wakati huo Ratmi alikuwa jikoni kwa kina Wening, na ofisini alikuwamo mtu mmoja tu, yule aliyejitolea kumshikia zamu.